Charles Meryon, Mchoraji wa Majumba ya Paris

Charles Meryon alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwaka 1821. Baba yake alikuwa tabibu Mwingereza, na mama yake mcheza dansi Mfaransa. Mwaka 1837 aliingia chuo cha mabaharia wa serikali huko Brest, na baadaye akasafiri kwa merikebu mpaka New Zealand. Alirudi kwao mwaka 1846.

Alipoacha ubaharia alitamani kuwa mchoraji wa picha za rangi. Lakini macho yake yalikuwa na kasoro, hayakuweza kupambanua rangi vema. Basi hakukata tamaa, bali alitafuta kazi isiyotaka ila weusi na weupe. Fundi Eugène Bléry akamfundisha kuchora juu ya bamba la shaba.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Bamba hupakwa nta, kisha mchoraji huikwangua kwa sindano mpaka shaba ionekane. Halafu bamba hutiwa katika tindikali, nayo hula shaba mahali pale palipokwanguliwa tu. Wino hupakwa, ukafutwa juu, ukabaki katika mifereji ile. Mwisho bamba hugandamizwa kwa nguvu juu ya karatasi yenye unyevu, na picha hutokea.

Siku zile mitaa ya kale ya Paris ilikuwa ikibomolewa, na tangu mwaka 1853 kazi hiyo ilizidi sana, ili barabara pana zipate kupita. Kati ya mwaka 1850 na 1854 Meryon alichora madaraja ya mto Seine, nyumba kuukuu, na kanisa kuu la Notre-Dame. Picha moja yaonyesha sanamu ya jini mwenye pembe na mabawa, ameshika tama juu ya kanisa hilo, akiutazama mji.

Victor Hugo, mwandishi mashuhuri, alizisifu picha hizo, lakini wanunuzi walikuwa haba. Meryon akawa maskini, na akili yake ikaugua. Mwaka 1858 alipelekwa katika hospitali ya Charenton. Alipopata nafuu alirudia kazi yake. Lakini mwaka 1866 ugonjwa ulimrudia, naye akafa huko mwaka 1868, mwenye umri wa miaka 46.

Nyumba nyingi alizozichora zimekwisha bomolewa. Lakini atakaye kuziona zilivyokuwa, na azitazame picha za Meryon, ambazo leo zatunzwa katika majumba makubwa ya makumbusho.