Galileo: Mfungwa aliyefumbua siri ya jiwe lirushwalo

MWAKA 1638, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, kilichapishwa kitabu ambacho mtunzi wake hakuweza kukisoma. Galileo Galilei alikuwa na umri wa miaka 74, kipofu, akitumikia kifungo cha nyumbani huko Arcetri, kwenye vilima vilivyo nje kidogo ya jiji la Florence, Italia. Ndani ya kitabu hicho mlikuwamo jibu la swali lililowasumbua wasomi kwa karne nyingi: kitu kikirusha hewani hufuata njia gani?

Galileo alizaliwa Pisa Februari 15, 1564, mtoto wa mwanamuziki Vincenzo Galilei. Baba alitaka kijana awe tabibu, naye akaingia Chuo Kikuu cha Pisa mwaka 1581. Miaka minne baadaye aliondoka bila shahada, akili yake yote ikiwa kwenye hisabati. Mwaka 1589 alirejea chuoni hapo akiwa mwalimu, na mwaka 1592 akahamia Padua alikokaa miaka 18. Ile hadithi mashuhuri ya kudondosha vitu kutoka mnara wa Pisa ilisimuliwa na mwanafunzi wake Vincenzo Viviani, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Kazi yenyewe ilifanyika Padua, juu ya ubao.

Mafundisho ya kale yalidai kuwa mwendo wa kurushwa na mwendo wa kuanguka ni mahasimu: wa kwanza sharti uishe nguvu ndipo wa pili ushike zamu. Niccolò Tartaglia, katika kitabu chake cha mwaka 1537, aliuchora mwendo wa risasi ya mzinga kama mstari ulionyooka, kisha tao, kisha mstari wa kushuka wima.

Galileo aliviringisha gololi ya shaba kwenye mfereji uliochongwa katika ubao wa mteremko, akipima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka chomboni. Aligundua kuwa muda ukiongezeka mara mbili umbali huongezeka mara nne, na muda ukiongezeka mara tatu umbali huwa mara tisa. Takriban mwaka 1608 aliziacha gololi ziruke kutoka ukingo wa meza, akapima zilikoangukia. Jibu likawa kwamba miendo hiyo miwili huenda pamoja, kila mmoja ukifanya kazi yake kana kwamba mwenziwe hayupo. Zao lake ni mchirizo uitwao parabola.

Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya taifa mjini Florence. Katika mojawapo imo michoro ambayo baadhi ya wanahistoria wanaisoma kama njia za gololi zilizoondoka ubaoni zikiwa tayari zinaelekea chini kwa mshazari. Hapo palikuwa na ugumu. Kitu kirushwacho kwa mlalo huanza kuanguka bila kasi yoyote ya kushuka, ilhali kinachorushwa chini huanza safari kikiwa nayo, na hesabu yake inataka uangalifu zaidi.

Chukua mfano wa jiwe linalotupwa wima chini, kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, kutoka mnara wenye urefu wa mita 60. Tukikadiria mchapuko wa uvutano kuwa mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde, ndani ya sekunde mbili mtupo pekee hulisafirisha jiwe mita 40, na kuanguka huongeza mita 20. Jumla ni 60, jiwe liko ardhini. Lingeachiwa tu, au lingerushwa kwa mlalo, lingechukua karibu sekunde tatu na nusu. Mwanafunzi anayekosea alama na kuipa kasi ya mtupo upande wa juu hupata sekunde sita. Hesabu yake ni sahihi, ila ni ya jiwe lililorushwa juu.

Ugunduzi huo ulikaa makabatini miaka mingi. Darubini, ambayo mwaka 1610 ilimfunulia miezi minne ya Sumbula, ilimvuta kwenye mambo ya anga, na anga ikamponza. Juni 22, 1633, mjini Roma, mahakama ya Kanisa ilimlazimisha kuikana hoja kwamba dunia hulizunguka jua. Bintiye mpendwa, mtawa Maria Celeste, alifariki Aprili 1634.

Katika majonzi hayo mzee alizirudia karatasi za Padua. Kwa kuwa alikuwa amepigwa marufuku kuchapisha, mswada ulivushwa hadi kwa wachapaji wa familia ya Elzevir. Katika utangulizi, Galileo alijifanya kushangaa kuwa kazi yake imefika kiwandani. Ujanja wa mtu aliyekwisha kuonja hukumu.

Hata hivyo, uthibitisho wake kamili ulihusu mrusho wa mlalo. Oktoba 1641 Evangelista Torricelli alifika Arcetri kumsaidia, akakaa naye hadi mzee alipofariki Januari 8, 1642. Mwaka 1644 Torricelli alitoa kitabu kilichoipanua kanuni hiyo hadi mrusho wa pembe yoyote. Galileo mwenyewe alizikwa katika chumba kidogo cha kanisa la Santa Croce bila mnara wa kumbukumbu, na ni mwaka 1737 tu ndipo mabaki yake yalipohamishiwa kwenye kaburi la heshima ndani ya kanisa hilo.