Padre Aliyehesabu Njegere

Wako watu wanaodhani kwamba imani na elimu ya viumbe haziwezi kukaa nyumba moja. Maisha ya Padre Gregor Mendel yatosha kuwajibu. Tena kazi yake yazigusa jamaa zetu wenyewe, hasa zile zinazomlea mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu.

Alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, katika Dola ya Austria; leo kijiji hicho kimo katika Jamhuri ya Cheki. Jina lake la ubatizo lilikuwa Johann. Wazazi wake walikuwa wakulima. Mwaka 1838 baba yake aliumizwa na gogo la mti, na tangu hapo fedha ya masomo ikawa shida. Ndipo dada yake mdogo, Theresia, alipotoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake, ili kaka yake asiache shule. Mendel hakuusahau wema huo; baadaye aliwasaidia wana wa dada huyo katika masomo yao.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Waagustino ya Mtakatifu Thomas, mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 alipata daraja ya upadre. Kuwahudumia wagonjwa kulimhuzunisha hata akaugua mwenyewe, basi Abati Napp akamtuma kufundisha shule. Mara mbili alikwenda kutahiniwa ili apate cheti cha ualimu, na mara mbili akarudi bila cheti. Lakini katikati ya mitihani hiyo alipelekwa kusoma katika Chuo Kikuu cha Vienna.

Mwaka 1856 alianza kuchunguza njegere katika bustani ya monasteri, akaendelea hata mwaka 1863, akiisha kukuza mimea ipatayo 28,000. Alipochanganya njegere za mbegu mviringo na zile za mbegu zenye makunyanzi, mbegu zote za uzao wa kwanza zilitoka mviringo. Akazipanda hizo. Katika mbegu 7,324 za uzao wa pili, 5,474 zilikuwa mviringo, na 1,850 zilikuwa na makunyanzi: karibu tatu kwa moja. Hivyo akatambua kwamba makunyanzi hayakupotea, yalijificha tu. Na ya kuwa kila mzao hupokea fungu moja la urithi kwa baba na jingine kwa mama.

Mwaka 1865 aliyasoma hayo mbele ya wataalamu wa Brno, na mwaka 1866 yakachapwa. Karibu hakuna aliyeyajali. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa Abati, na kazi za uongozi zikamlemea. Hata hivyo alifuga nyuki, akaandika hali ya hewa, akayachunguza madoa ya jua. Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Ni mwaka 1900 tu wataalamu wa Uholanzi, Ujerumani na Austria walipouthibitisha ugunduzi wake.

Mwaka 1949 ilionyeshwa kwamba selimundu hurithiwa kwa kanuni hiyo hiyo. Baadaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliwapima watu wa Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akaeleza kwamba mwenye fungu moja tu la urithi huo hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana urithi huo umeenea katika nchi zetu.

Basi baba na mama waweza kuwa wazima kabisa, kila mmoja amebeba fungu moja lililojificha. Wakikutana wawili wa namna hiyo, katika kila mimba iko nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa; nayo haipungui kwa kuwa aliyetangulia alikuwa mgonjwa. Hapo hapana laana, wala uchawi, wala ukoo wa mke wa kulaumiwa, kwa maana mtoto amepokea kwa wote wawili.

Twawasihi vijana wanaojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa wapimwe damu mapema, kabla ya kuchumbiana. Na nyumba ambamo mtoto mgonjwa yumo tayari, mume na mke waache kulaumiana, wampeleke hospitali kwa wakati, wamlee pamoja. Ukweli aliouona padre yule katika bustani yake waweza kurudisha amani katika nyumba nyingi.