Munganga Gross na Panya Zake

Mara hii tumemchagua mutu aliyeshindwa miaka mingi mbele ya kushinda.

Ludwik Gross alizaliwa mwaka 1904 kule Kraków, inchi ya Polandi, katika jamaa ya Wayahudi. Vita ilipoingia huko alikimbia, na mwaka 1940 akafika Marekani. Alifanya kazi ya munganga jeshini, na panya zake alizisafirisha ndani ya motokari yake, katika mikebe ya kahawa. (Tulicheka sana tulipowaza mukubwa wa jeshi akiifungua!) Baadaye alikaa katika lopitali ya maaskari wa zamani, Bronx, New York.

Aliamini kwamba virusi inaweza kuleta kansa ya damu. Karibu wote walikataa. Alikuwa na panya wa ukoo wa Ak, ambao wengi wao wanakufa na ile kansa. Alisaga viungo vya wale wagonjwa, akaondoa chembe zote, akadunga maji yaliyobaki kwa panya wa ukoo wa C3H. Hakuna kitu. Akarudia, tena hakuna kitu. Mwishoni akajaribu watoto wa panya wasiomaliza hata saa 16 tangu kuzaliwa, ambao mwili wao haujajua bado kupigana. Hao wakaugua! Ilikuwa mwaka 1951.

Alisifiwa? Hapana. Wengine walijaribu wakakosa, nao wakamtilia mashaka. Lakini wengi wao walitumia panya wa ukoo mwingine. Mwaka 1956 Jacob Furth alitumia panya kama wale wa Gross, akaona vilevile.

Sasa neno ambalo kalasi yetu ilibishana sana: kwa nini ukoo huu unakufa na ule unapona? Mwaka 1964 Frank Lilly, Edward Boyse na Lloyd Old walionyesha kwamba panya waliorithi jeni za H-2 za aina k wanashikwa na virusi ya Gross zaidi kuliko wenye aina b. Jeni hizo zinatengeneza kama vibao juu ya chembe. Virusi ikiingia ndani, vipande vyake vinaonyeshwa kwenye vibao, na askari wa mwili wanaviona. Kibao kimoja kinashika kipande vizuri, kingine hapana. Na wale C3H? Wako na aina k. Gross alichagua panya wazuri kwa kazi yake bila kujua sababu! Sisi watu tuna jeni za namna hiyo, zinaitwa HLA.

Mwaka 1974 alipewa zawadi ya Lasker. Nobel hakuipata. Alikufa mwaka 1999, na miaka 94, kwa kansa ya tumbo.