Livingstone na mwandiko wa kubana

Wapo wanaoamini kwamba mwenye herufi ndogo ni msiri, na anayeachanisha sana maneno hupenda upweke. Sisi tunaoishi Ikolo, kando ya Ziwa Nyasa, tumtazame David Livingstone, mmisionari Mskoti aliyelifikia ziwa hili kutokea kusini mwaka 1859. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, Kongo, karatasi na wino vilimwishia. Akachukua gazeti kuukuu, akaandika kukatiza maandishi yake kwa wino wa mmea, herufi zikibanana. Msiri? Tunaona ni uhaba tu. Humo ndimo alimoandika mauaji ya sokoni ya Julai 15. Alifariki 1873, wino ukafifia, hadi kamera maalumu zilipowezesha kurasa hizo kusomwa na kuchapishwa mwaka 2011.