Malenga Aliyetoka Machungani

Leo twamkumbuka Miguel Hernández, malenga wa Hispania, aliyezaliwa Orihuela tarehe 30 Oktoba, 1910, mwana wa mchuuzi wa mbuzi. Majira ya kuchipua yafikapo, bonde la mto Segura hunukia maua ya michungwa na milimau, na majani mabichi huota vilimani. Huko ndiko Miguel alikochunga tangu mwaka 1925, babaye alipomwachisha shule. Alipeleka maziwa kwa wateja mjini; na mbuzi walipokuwa wakila, yeye alisoma vitabu vya kuazima na kutunga mashairi. Diwani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1933.

Vita vilipozuka mwaka 1936, aliingia jeshi la Jamhuri. Walioshinda walimhukumu kifo mwaka 1940, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 30. Kifua kikuu kilimwua gerezani Alicante tarehe 28 Machi, 1942, akiwa na miaka 31, wakati michungwa ya kwao ikichanua. Tungo zake za gerezani zilichapishwa ng'ambo, Buenos Aires, mwaka 1958. Twajifunza kwamba aliyenyimwa darasa aweza kulipata malishoni, na kwamba gereza humfunga mtunzi, halifungi utungo.