Max Poll, mzee aliyeuliza kila samaki ametoka wapi

Kwenye soko la Butembo, na Beni vile vile, mama anayejua kununua tilapia hatoi pesa mbele ya kuuliza: huyu ametoka wapi? Ni wa Kyavinyonge, wa Vitshumbi, ao wa bwawa la kufuga? Anaangalia mgongo, anafungua shavu, na mara nyingi amekwisha kujua kabla muuzaji hajajibu. Sisi wa sendika ya wachimbaji tunafanya hivyo hivyo na mawe. Mtu akileta mfuko wa koltani, swali la kwanza ni kare gani, shimo gani. Mfuko bila etiketi, hata uwe na mali nzuri namna gani, unaleta matata tu.

Njo maana leo tunataka kueleza maisha ya Max Poll, Mbelgiji aliyekufa zamani, ambaye alitumia karibu miaka yake yote kwa swali lile la mama wa soko. Wenye kusoma habari za samaki wa Afrika wanalijua jina lake duniani pote. Kwetu huku, ambako samaki wake walitoka, hatumtaji sana.

Poll alizaliwa Ubelgiji mwaka wa 1908, mwaka ule ule Kongo ilipotoka mikononi mwa mfalme Leopold II ikawa koloni ya serikali ya Ubelgiji. Akafanya kazi kwenye makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles. Tunajua wote Tervuren ni nini: ni pale vitu vya Kongo vilipelekwa kwa masanduku, mawe, vinyago, ndege, nyoka, samaki, bila wenyeji kuulizwa. Hilo hatulifichi. Lakini ndani ya nyumba ile kulikuwa pia watu waliofanya kazi kwa uangalifu, na Poll alikuwa mmoja wao. Alifundisha pia kwenye Université Libre de Bruxelles.

Kazi yenyewe ilikuwa namna gani? Samaki walifika ndani ya chupa za alkoli. Na alkoli inakula rangi. Nyekundu inapotea, manjano inapotea, buluu inapotea, inabaki kahawia na alama nyeusi. Samaki aliyekuwa anawaka kama kitambaa cha sikukuu anafika Ulaya akiwa na rangi ya kahawa ya maziwa. Basi Poll alihesabu: magamba ya mstari wa ubavu, miiba ya mapezi, mistari ya meno. Alipima kichwa, jicho, urefu wa mkia. Kisha aliangalia etiketi: ziwa gani, kijiji gani, tarehe gani. Hivyo njo alisoma samaki wa ziwa letu la Edouard, waliokusanywa na Hubert Damas mwaka wa 1935 na 1936 ndani ya Parc National Albert, ile tunaita leo Virunga. Kitabu chake juu ya samaki hao kilitoka mwaka wa 1939.

Mwaka wa 1946 akapata nafasi ya kuwaona wakiwa hai. Ubelgiji ilituma kundi la wachunguzi kwenye ziwa Tanganyika, likiongozwa na Eugène Leloup, na Poll alikuwa mtu wa samaki. Walizunguka mpaka mwaka wa 1947. Ziwa lile lina urefu wa kilometa zaidi ya 670 na kina karibu metre 1470, na ndani yake kuna aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa tilapia, ambao wenye elimu wanawaita siklidi. Karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Kitabu chake kikubwa juu ya siklidi wa Tanganyika kilitoka mwaka wa 1956.

Sasa tuingie ndani ya neno lenyewe: samaki wa aina moja anaweza kuwa na sura tofauti kwa sababu ya mahali alipovuliwa? Jibu ni ndiyo, na shahidi mkubwa ni samaki mdogo anayeitwa Tropheus moorii. Jina lilitolewa mwaka wa 1898 na Boulenger, Mbelgiji mwingine aliyekuwa anafanya kazi London. Kwa Boulenger alikuwa samaki mmoja ndani ya chupa. Lakini Georges Marlier, aliyekuwa kwenye kituo cha IRSAC Uvira, aliandika mwaka wa 1959 juu ya samaki wa mawe, akaonyesha kwamba Tropheus wanabadilika rangi kufuatana na pwani. Leo rangi zinazojulikana zinapita 100. Huyu wa Bemba, upande wa kwetu wa Kongo, ni mweusi mwenye mshipi wa rangi ya chungwa. Wa Ikola, Tanzania, ni mweusi mwenye mshipi wa manjano. Wa Moliro, kule chini karibu na Zambia, ni mwekundu.

Watu wengi wanafikiri ni maji yanawapaka rangi. Hapana. Tropheus anakula majani madogo yanayoota juu ya mawe, na kule kwenye mawe njo anajificha. Kati ya mawe haya na mawe yale kukiwa na mchanga mrefu ao kina kikubwa, hapiti. Familia moja inakaa upande huu, nyingine upande ule, miaka maelfu, bila kuoana. Kidogo kidogo kila moja inapata sura yake. Zamani maji ya ziwa yalishuka na kupanda mara nyingi, mamia ya metre: watu wa pwani mbili wakakutana, wakachanganyika, wakatengana tena. Ushahidi kwamba rangi inatoka kwa wazazi ni huu: ukiwapeleka wekundu wa Moliro ndani ya sanduku la kioo kule Ujerumani, watoto wao wanazaliwa na kukua wakiwa wa Moliro. Chakula kinaweza kung'arisha nyekundu ao kuififisha, lakini hakigeuzi mtu wa Moliro kuwa mtu wa Bemba.

Tusichanganye na jambo lingine. Sambaza tunaokula wakitoka Kivu, ambao si siklidi, walitolewa Tanganyika wakapandwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kule Kivu hawafikii ukubwa wa ndugu zao wa Tanganyika. Pale mahali papya pamebadilisha mwili kwa miaka michache tu. Kwa hiyo kuna sura inayotoka kwa maisha ya mahali, na kuna sura inayotoka kwa damu iliyofungiwa mahali. Mtu akiona tofauti, lazima aulize ni ipi kati ya hizo mbili.

Poll mwenyewe alijua ugumu huo. Mwaka wa 1952, pamoja na mama Ethelwynn Trewavas wa London, alitoa majina kwa samaki wawili wazuri wenye mkia wa ncha mbili, akawaweka kama matawi ya aina moja. Mmoja akaitwa pulcher, mwingine elongatus. Tofauti kubwa ni alama nyeusi kwenye shavu, nyuma ya jicho. Kisha ikaonekana jina elongatus lilikuwa limekwisha kupewa samaki mwingine tangu 1898. Mwaka wa 1974 Poll akalibadilisha: akamwita brichardi, kwa heshima ya Pierre Brichard, aliyevua samaki hai wa Tanganyika na kuwauza ng'ambo. Wachunguzi waliokuja nyuma walipima damu ya hao wawili kutoka pwani nyingi, na wengine wakapendekeza kwamba ni aina moja tu, wenye mashavu tofauti. Mzee hakuona aibu kurudi juu ya kazi yake. Mwaka wa 1986, akiwa amekaribia miaka 80, alipanga upya siklidi wote wa Tanganyika ndani ya makabila 12. Alikufa mwaka wa 1991, na kitabu chake cha mwisho, alichofanya pamoja na Jean-Pierre Gosse, kilitoka mwaka wa 1995.

Hayo yote yanatuhusu kwa nini, sisi wenye kushika piki na beleshi? Juu samaki hao wanauzwa, na bei inafuata jina la mahali. Muuzaji akidanganya etiketi, mnunuzi anachanganya damu, na watoto hawana tena pwani. Na ubaya zaidi: wavuvi wakimaliza Tropheus wa mwamba mmoja, huwezi kuwarudisha kwa kuleta wengine wa mwamba jirani. Wale walikuwa pale tu. Ni kama shimo: mkanda wa dhahabu ukiisha, umeisha, na maneno mazuri hayaujazi.

Kuna pia kitu ambacho etiketi za zamani hazikuandika mara nyingi. Ziliandika kijiji, tarehe na jina la mzungu aliyekusanya. Mvuvi aliyejua mwamba gani una samaki gani, na mwenye kupiga kasia, hawakuandikwa. Poll alitufundisha kwamba samaki bila mahali ni nusu ya samaki. Vijana wetu wa Butembo na Beni wanaosoma biolojia, siku moja wakishuka Kyavinyonge kukusanya samaki wadogo wa ziwa Edouard, waandike mahali sawasawa kama yeye. Na chini ya mahali, waongeze mstari mmoja: jina la mvuvi.