Margaret Trowell na darasa la barazani

Juu ya kilima cha Makerere, mjini Kampala, ipo shule ya sanaa ambayo hadi leo ina jina la mwanamke Mwingereza, Margaret Trowell. Shule hiyo haikuanza na majengo wala fungu la fedha kutoka serikalini. Ilianza mwaka 1937 katika baraza ya nyumba yake, kwa wanafunzi wachache, karatasi na rangi.

Kutoka katika darasa hilo walitokea baadhi ya wachoraji na wachongaji mashuhuri wa Uganda, Kenya na Tanzania. Hata hivyo jina la Bibi Trowell halitajwi bila ubishi. Wapo wanaomshukuru kwa kuwafungua macho vijana wa Kiafrika wavithamini vitu vya kwao. Wapo pia wanaouliza ni nani aliyempa mgeni mamlaka ya kuamua Mwafrika atazame nini.

Kutoka London hadi Ukambani

Margaret alizaliwa London mwaka 1904. Alisomea uchoraji katika chuo cha Slade, kisha akasomea ualimu na kupata mafunzo ya Marion Richardson, mwalimu aliyekuwa akileta mageuzi katika ufundishaji wa sanaa nchini Uingereza.

Katika shule nyingi za wakati ule, somo la kuchora lilikuwa ni kunakili. Mwalimu aliweka mfano mbele ya darasa, na mwanafunzi bora alikuwa yule aliyeukaribia zaidi. Richardson aliacha njia hiyo. Aliwataka wanafunzi wafumbe macho, wasikilize maelezo ya mahali au tukio, waione picha akilini, ndipo wachore. Tena aliwazoesha kuipima kazi yao wenyewe, wasingoje tu alama ya mwalimu.

Mwaka 1929 Margaret alifika Kenya pamoja na mumewe, Hugh Trowell, daktari katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Daktari huyo alikuja kujulikana duniani kwa uchunguzi wake juu ya unyafuzi, maradhi ya watoto wanaokosa lishe bora. Waliishi Machakos, miongoni mwa Wakamba, watu wenye sifa ya kuchonga viti na kuvitia nakshi ya nyaya nyembamba. Huko ndiko mwalimu huyo alikoanza kuwa mwanafunzi. Mwaka 1935 familia ilihamia Uganda, na miaka miwili baadaye akatoa kitabu cha kuwasaidia walimu kuzifahamu sanaa na kazi za mikono za Kiafrika.

Nyumba ya mayembe

Ili kuelewa uzito wa kazi yake, hatuna budi kukumbuka hali ilivyokuwa. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na vitu vingi vya mababu vilihesabiwa kuwa ni ushenzi. Kijana aliyebatizwa na kuvaa sare ya shule alitarajiwa avipe mgongo.

Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908 katika kilima cha Old Kampala, liliitwa na wenyeji nyumba ya mayembe, yaani nyumba ya pembe na vifaa vyenye nguvu za pepo. Miongoni mwa vilivyohifadhiwa humo ni vitu vilivyotoka katika mahekalu ya kale. Wengi waliviogopa, na wengine waliona haya kuonekana wakivijali.

Katika miaka ya Vita Vikuu vya Pili, Bibi Trowell alikabidhiwa kuutunza mkusanyiko huo, nao ukahamishiwa katika shule yake ya sanaa huko Makerere. Basi wanafunzi wa kuchora wakawa jirani na ngoma, vyungu, vikapu, mikuki na nguo za magome ya miti. Kitu kilichokuwa kimebandikwa jina la ushirikina sasa kilikuwa mbele ya macho kama kazi ya mikono ya mtu aliyefikiri. Mfinyanzi aliamua shingo ya chungu ianzie wapi. Msusi wa kikapu alihesabu mistari yake kabla rangi ya pili haijaingia. Hayo hayaonekani kwa mtu anayepita haraka.

Mwaka 1953 Trowell alishirikiana na mtaalamu wa muziki Klaus Wachsmann kutoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda. Baadaye alitoa vingine juu ya sanamu na nakshi za Kiafrika.

Simulizi kwanza, brashi baadaye

Darasani Bibi Trowell alifuata njia ya Richardson, lakini kwa mambo ya Afrika Mashariki. Alisimulia tukio, labda la sokoni, la kijijini, au kisa cha Biblia, nao wanafunzi wakasikiliza kabla ya kushika brashi. Hakupenda kuwatangulizia picha za Ulaya, kwa hofu kwamba wangeiga mikono ya wengine kabla ya kuijua mikono yao.

Mwaka 1939 kazi za wanafunzi hao zilioneshwa katika Taasisi ya Kifalme ya London. Kwa watazamaji wengi wa huko ilikuwa mara ya kwanza kuona picha zilizochorwa na vijana wa Afrika Mashariki.

Mmoja wa wanafunzi wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, kijana kutoka Mumias, magharibi mwa Kenya, ambaye baadaye alifundisha uchongaji Makerere. Sam Ntiro, kutoka Kilimanjaro, alichora migomba, ng'ombe na watu wakifanya kazi pamoja. Picha yake ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa mjini New York. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alikwenda London akiwa Balozi wake wa kwanza huko.

Elimo Njau, naye kutoka Kilimanjaro, alichora kuta za kanisa la Murang'a kwa picha za maisha ya Yesu zenye sura, miti na vilima vya Kenya. Rosemary Karuga aliingia mwaka 1950 akiwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa katika chuo hicho. Miaka mingi baadaye, rangi zilipokuwa ghali kupita uwezo wake, aliunda picha kwa vipande vya karatasi za kufungia unga na sabuni. Alifariki dunia mwaka 2021.

Shukrani na lawama

Trowell alistaafu mwaka 1958. Aliyemrithi, Profesa Cecil Todd, alibadili mwelekeo. Aliwafundisha wanafunzi historia ya sanaa ya dunia nzima na elimu ya rangi, kwa hoja kwamba msanii wa Kiafrika ana haki ya kuijua kazi ya kila taifa kama msanii mwingine yeyote.

Hapo ndipo lawama dhidi ya Trowell hupata nguvu. Wakosoaji husema kwamba kumkinga mwanafunzi asione picha za kigeni ni kumfanya mtoto asiyeweza kuchagua, na kwamba dhana yake ya Mwafrika mwenye kipaji cha asili ilitoka katika fikra za kikoloni. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma Slade na kuona alichotaka.

Lakini wanafunzi wake hawakubaki ndani ya ua alilowajengea. Ntiro alikwenda kusoma Slade, na Maloba naye akaendelea na masomo Uingereza. Njau alishiriki kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, mahali pa wasanii Waafrika kuonesha kazi zao kwa masharti yao wenyewe, akihubiri kwamba msanii asiige. Somo la mwalimu lilikuwa limegeuka mali yao.

Margaret Trowell alifariki dunia mwaka 1985. Mwenye kutaka kuipima kazi yake na aende katikati ya jiji la Kampala, ilipo sanamu ya uhuru aliyoiunda Maloba mwaka 1962. Ni mama aliyefungwa mwilini kwa kamba, akimwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Maelfu hupita hapo kila siku wakiwahi kazini, na wengi wameiona tangu utotoni. Lakini anayesimama kidogo na kutazama ataona kwamba mtoto yu huru kabisa, na mama bado ana kamba mwilini.